Rangi Iliyobaki na Wajibu wa Mzalishaji: Hali ya Bonde la Ruvu

Rangi iliyobaki ni ile iliyonunuliwa kwa kazi fulani isitumike yote: robo ya ndoo ya rangi ya maji baada ya sebule kukamilika, nusu galoni ya rangi ya mafuta baada ya mageti kupakwa, kopo la vanishi lililofanya utando kwenye rafu ya seremala. Huandamana na mabaki mengine ambayo kwa uzito huenda yakaizidi: makopo na ndoo zenye ukoko, thina iliyooshea brashi, maji yaliyosuuzia rola, na shehena iliyoharibikia dukani kabla ya kupata mnunuzi. Sheria za wajibu wa mzalishaji humtaka aliyetengeneza bidhaa, au aliyeiingiza nchini, agharamie pia kuikusanya na kuiteketeza au kuirejeleza inapokuwa taka, badala ya mzigo huo kuachiwa halmashauri na mlipakodi. Katika nchi kadhaa sheria hizo zimefika hadi kwenye rangi. Kibaha na Kisarawe, mto Ruvu unakopita kuelekea baharini, bado hazijafika, na mazingira ya huko yanadai zisinakiliwe zilivyo.

Rangi inapokuwa taka

Kopo la rangi lina vitu vinne. Kuna unga unaotoa rangi yenyewe, ambao katika rangi nyeupe za leo huwa hasa titani dioksaidi. Kuna gundi inayoushika unga huo ukutani. Kuna kimiminika kinachoifanya rangi ipakike. Na kuna viongezi vidogo vidogo, zikiwemo kemikali za kuzuia vijidudu visiiozeshe rangi ndani ya ndoo. Kimiminika ndicho kinachoamua namna ya kulishughulikia baki. Katika rangi ya maji, kimiminika hicho ni maji, kwa hiyo baki lake haliwaki moto, na likifunikwa vizuri linaweza kukaa miaka kadhaa na bado likapakika. Katika rangi ya mafuta ni viyeyusho vya petroli, vinavyowaka, vinavyoumiza kichwa katika chumba kisicho na hewa, na vinavyopenya udongo vikimwagwa. Hata matambara yaliyofutia rangi au vanishi yenye mafuta yanayokauka yakirundikwa pamoja huweza kupata joto yenyewe hadi yakashika moto.

Hatari nyingine imo katika unga. Misombo ya risasi ilitumika kwa miongo mingi kuzipa rangi za mafuta ung'avu, hasa nyekundu na njano, na kuharakisha ukaukaji. Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, kwa kuwa risasi huathiri ubongo unaokua. Mwaka 2017 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa mfano wa sheria unaopendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni. Nchini Tanzania, asasi ya AGENDA ya Dar es Salaam, kwa kushirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, imewahi kupima rangi za mafuta zilizokuwa sokoni na kukuta baadhi zina risasi nyingi kupita kiwango hicho. Hata rangi mpya zikiwa safi, makopo ya zamani na kuta zilizopakwa zamani bado zipo.

Mto na ujenzi

Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, unakatiza mkoa wa Pwani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mtambo wa Ruvu Juu uliopo Mlandizi, wilayani Kibaha, na ule wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo ndiyo tegemeo kuu la maji ya Dar es Salaam. Baada ya upanuzi, wa kwanza una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku kutoka milioni 82 za awali, na wa pili lita milioni 270 kutoka milioni 180. Maji ya Ruvu Juu hunywewa Mlandizi na Kibaha penyewe, na kwa njia ya Kibamba hufika Kisarawe. Kwa hiyo wakazi wa bonde hili ni majirani wa mto na wateja wake pia.

Mitambo ya aina hii hutuliza tope kwa dawa, huchuja, kisha hutia klorini. Kazi hiyo huondoa uchafu unaoelea na kuua vijidudu, lakini haikukusudiwa kuondoa viyeyusho vilivyokwisha kuchanganyika na maji. Mto ukiwa umejaa, kiasi kidogo cha kemikali humezwa na wingi wa maji. Mto ukikauka, kiasi kilekile kinakuwa kizito zaidi. Ukame wa mwaka 2022, ulioshusha kina cha Ruvu hadi DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikagawa maji kwa mgawo, ulionyesha jinsi akiba ya maji ilivyo nyembamba.

Kando ya mto, ujenzi unakwenda kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoa wa Pwani watu takriban milioni 1.1; ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 2. Barabara ya Morogoro imejaa nyumba kuanzia Kibamba hadi Mlandizi na kuendelea, nyingi zikiwa za watu waliokimbia bei za viwanja vya Dar es Salaam. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina kituo Ruvu, na bandari kavu ya Kwala imevuta maghala na viwanda. Kila nyumba, geti, ghala na lori hupakwa rangi, na kila kazi ya rangi huacha mabaki.

Mabaki yanakokwenda

Nchini Marekani, makadirio yaliyotumiwa kutungia sheria yalikuwa kwamba kiasi cha asilimia 10 ya rangi inayonunuliwa hubaki bila kutumika. Kwa ndoo ya lita 20 hizo ni lita mbili. Sehemu kubwa ya baki hilo hukaa nyumbani, ndani ya gereji au chini ya ngazi, mpaka mwenye nyumba ahame au afe. Sheria zilizotungwa huko zilikusudia kuyatoa makopo hayo majumbani.

Ruvu hali ni nyingine. Mwenye nyumba anayejenga kwa awamu hununua rangi kwa ndoo kadiri fedha inavyopatikana, na mara nyingi rangi ndiyo humpungukia. Fundi huongeza maji kidogo ili ukuta wa mwisho uishe. Kikibaki kitu, hupakwa chooni au ukuta wa nyuma, au fundi huondoka nacho na kukichanganya na baki la kazi nyingine. Rangi nzima iliyosahauliwa ndani ni kidogo. Kinachotoka kwa wingi ni uchafu wa kazi yenyewe.

Jioni ya siku ya mwisho inaonyesha hivyo. Fundi anasukuma rola juu ya ukuta usioonekana hadi itoe rangi yote, kisha anaitumbukiza katika ndoo ya maji na kuikamua kwa mkono. Maji yanageuka kama uji. Yanamwagwa nyuma ya nyumba, kwenye shimo la taka au kwenye mfereji wa mvua. Ndoo ya pili huisafisha ya kwanza, nayo humwagwa palepale. Brashi ya rangi ya mafuta huoshwa kwa thina ndani ya kopo lililokatwa; thina hiyo hutumika tena kesho yake ikiwa nzito, na mwishowe humwagwa chini ikishaota utando. Hakuna sheria inayovunjwa kwa makusudi katika tendo hilo. Hakuna mahali pengine pa kupeleka.

Ndoo ndiyo yenye safari ndefu zaidi. Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko na mshikio ni mali: huchotea maji, hubebea zege, huhifadhi nafaka na hupandwa maua. Nyingi huoshwa tu kwa sabuni na mchanga. Kwa rangi ya maji madhara yake ni madogo, ingawa kemikali za kuzuia kuoza hazikuwekwa humo ili zinywewe. Kwa ndoo au kopo la rangi ya mafuta hali ni mbaya zaidi. Makopo ya bati huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao huyapima kwa kilo pamoja na ukoko wake, na ukoko huo huungua kopo linapoyeyushwa.

Wapo pia watumiaji ambao mijadala ya rangi za nyumba huwasahau. Mafundi wa kupuliza magari kando ya barabara kuu hutumia rangi, puti na thina kila siku. Wachomeleaji hupaka mageti na madirisha rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuyauza. Maseremala hutumia vanishi na sandasila ya kuziba vitundu vya mbao. Hawa ni wachache kuliko wajenzi, lakini taka zao ndizo zenye viyeyusho vingi, na hutoka mahali palepale mwaka mzima.

Sheria zilivyoanza na zilivyopanuka

Wazo la wajibu wa mzalishaji liliwekwa kwa jina na mtaalamu wa Sweden, Thomas Lindhqvist, mwaka 1990, na Ujerumani ikalifanya sheria ya vifungashio mwaka 1991. Kwa rangi, jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitangulia mwaka 1994. Nchini Marekani, mazungumzo kati ya serikali za majimbo na chama cha watengenezaji rangi yalizaa sheria ya Oregon mwaka 2009, ya kwanza nchini humo. Watengenezaji waliunda asasi isiyo ya faida, PaintCare, kuuendesha mpango huo. California ilifuata mwaka 2010, na tangu hapo majimbo zaidi ya kumi yametunga sheria za namna hiyo.

Mtindo wake ni mmoja. Kila kopo linalouzwa hulipiwa ada ndogo inayowekwa juu ya bei. Oregon ilianza na senti 35 za dola kwa makopo madogo, senti 75 kwa galoni moja, na dola 1.60 kwa vyombo vikubwa hadi galoni tano. Ada hiyo huiendea asasi ya watengenezaji, ambayo hulipa maduka, vituo na wasafirishaji. Mwananchi hurudisha baki dukani bila kulipa kitu. Rangi ya maji iliyo nzima huchambuliwa, huchanganywa kwa rangi zinazokaribiana, huchujwa na kufungwa upya. Rangi ya mafuta aghalabu huchomwa kama nishati. Australia ilianzisha Paintback mwaka 2016 kwa tozo ya senti 15 kwa lita, sawa na dola 3 za nchi hiyo kwa ndoo ya lita 20. Ufaransa, kupitia asasi ya EcoDDS iliyoanza mwaka 2013, iliiweka rangi pamoja na kemikali nyingine za nyumbani. Uingereza ilipita njia ya hiari: mtandao wa Community RePaint, ulioanza miaka ya 1990, hukusanya rangi nzuri na kuigawa kwa vikundi vya jamii na familia za kipato cha chini.

Sheria za kwanza za Marekani zilikuwa na mipaka. Zilihusu rangi za majengo na kuacha nje rangi za kopo la kupuliza, rangi za magari na thina. Upanuzi wa sasa unashambulia mipaka hiyo: mwaka 2024 California ilipitisha sheria ya kuingiza rangi za kupuliza na bidhaa kadhaa zinazoandamana na rangi. Somo lake kwa Ruvu ni la moja kwa moja. Vitu vilivyoachwa nje mwanzoni huko ndivyo vinavyotawala katika gereji na karakana za kando ya barabara ya Morogoro, kwa hiyo sheria ya hapa ikianza na rangi za majengo peke yake itakuwa imeanza na sehemu isiyo na madhara makubwa.

Sheria zilizopo Tanzania

Tanzania haina ombwe la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kanuni ya mchafuzi kulipa, inazikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, inaweka utaratibu wa taka hatarishi chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inampa Mkemia Mkuu wa Serikali mamlaka juu ya usajili na uingizaji wa kemikali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali kwa anayetiririsha majitaka mtoni, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo msimamizi wake hapa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia viwango vya rangi yenyewe.

Pengo liko katikati. Sheria hizi zinamkuta mzalishaji kiwandani na zinamkuta mchafuzi mtoni, lakini kati ya kiwanda na mto kuna duka, fundi na mwenye nyumba, na huko hakuna anayelipia lolote. Fundi anayemwaga lita tano za maji ya rola hawezi kudaiwa kibali cha taka hatarishi. Kibali hicho kiliwekwa kwa viwanda. Halmashauri nayo hukusanya ada ya taka za kaya na kuzipeleka dampo, ambako kopo la thina na maganda ya ndizi hushuka kwenye lori moja.

Majirani wametangulia hatua moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka iliufanya wajibu wa mzalishaji kuwa wa lazima, na kanuni zake zikatoka mwaka 2024, zikimtaka mzalishaji ajisajili na ama ajiunge na asasi ya pamoja au aendeshe mpango wake mwenyewe. Uganda iliutambua wajibu huo katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 2019. Afrika Kusini iliuanzisha rasmi mwaka 2021 kwa vifungashio, vifaa vya umeme na taa. Kwa kuwa rangi huvuka mipaka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ada ya nchi moja isiyolingana na ya jirani itamwumiza mtengenezaji wa ndani na kumpendelea anayepitisha mzigo kwa njia ya panya. Hivyo tafsiri ya mzalishaji lazima imjumuishe mwagizaji, na ada itozwe mahali bidhaa inapoingia sokoni kwa mara ya kwanza.

Mpango unaolingana na mahali

Swali la kwanza ni bidhaa zipi. Kwa Ruvu orodha inapaswa kuanza na rangi za mafuta, thina, vanishi, sandasila na rangi za magari. Rangi ya maji iingie kwa ada ndogo zaidi, hasa kwa ajili ya ndoo. Ada inayopanda kulingana na madhara humfanya mtengenezaji mwenyewe aone faida ya kuuza rangi isiyo na risasi na yenye viyeyusho kidogo.

Swali la pili ni namna ya kukusanya. Mtindo wa kurudisha dukani unategemea mtu mwenye gari na gereji yenye makopo kumi. Hapa anayekutana na mabaki ni fundi, naye huenda dukani karibu kila siku ya kazi. Kumrudishia fedha kidogo kwa kila kopo tupu au thina chafu kunafanana na utaratibu wa chupa za soda na bia, ambao kila muuza duka anaujua: chupa ina thamani, kwa hiyo haitupwi mtaroni. Kwa maji ya rola, fedha ya kurudishiwa haisaidii; kinachosaidia ni mafunzo na vifaa vya bei nafuu, kama mapipa mawili ya kutuliza, ambapo tope la rangi huachwa lizame, maji ya juu yakatumika tena kusuuzia, na tope likaushwe kabla ya kukusanywa.

Swali la tatu ni mwisho wa safari. Rangi ya maji iliyo nzima inaweza kufungwa upya na kutumika kwa madarasa, masoko na kuta za uzio, mradi ipimwe risasi na isifichwe kwamba ni ya kurejelezwa. Makopo ya bati yanaweza kwenda kwa wayeyushaji wenye vibali yakiwa yamekwanguliwa. Mabaki ya mafuta na thina yana joto, na matanuri ya saruji, yanayofika nyuzijoto zaidi ya 1,400, huweza kuyateketeza kwa ukamilifu kuliko moto wa shimoni. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kipo umbali ambao lori moja linaweza kwenda na kurudi Mlandizi kwa siku. Jambo la kupimwa ni gharama, vibali na udhibiti wa moshi wake.

Swali la nne ni nani ashike fedha. Mtindo wa Marekani huziacha kwa asasi ya watengenezaji, chini ya mpango ulioidhinishwa na serikali na ukaguzi wa kila mwaka. Faida yake ni wepesi; hasara yake ni kwamba wakubwa wa soko wanaweza kuwabana wadogo, ndiyo maana sheria za majimbo huweka wazi mipaka ya ushirikiano wao. Njia nyingine ni kuziingiza serikalini, kama tozo ya mafuta inavyoingia Mfuko wa Barabara. Hapo hatari ni ada kugeuka kodi ya kawaida, ikilipwa dukani bila kituo hata kimoja kuonekana Mlandizi au Kisarawe. Kwa vyovyote vile, kifungu kinachopaswa kuandikwa ni kwamba ada isianze kutozwa kabla vituo vya kupokelea havijafunguliwa katika wilaya husika, na sehemu yake ifike halmashauri na bodi ya bonde, kwa kuwa ndizo zinazobeba madhara.

Pingamizi na mpangilio wa hatua

Pingamizi la kwanza ni bei. Ada huongezwa kwa mnunuzi, na mjenzi wa kipato kidogo huihisi zaidi ya kampuni ya ujenzi. Ukubwa wake hupungua iwapo sehemu hurudi mkononi kwa anayerudisha kopo. La pili ni wakwepaji: mtengenezaji mdogo asiyesajiliwa huuza nafuu kwa sababu halipi. Stempu za kielektroniki zilizowekwa kwenye vinywaji na sigara tangu mwaka 2019 zinaonyesha kwamba bidhaa iliyolipiwa inaweza kutambulika dukani. La tatu ni kwamba serikali haiwezi kufuatilia kila karakana. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 ilibadili soko ndani ya wiki chache kwa kuwa ilibana mlango wa kuingilia na duka; haikumfuata kila mnunuzi. Wajibu wa mzalishaji unafuata kanuni hiyohiyo.

Kwa mpangilio, hatua ya kwanza ni kanuni chini ya sheria ya mwaka 2004 itakayotaja rangi na viyeyusho kwa jina na kuwasajili watengenezaji na waagizaji wote. Ya pili ni majaribio katika eneo moja lenye karakana nyingi, ambapo kiasi cha makopo, thina na tope kinachotoka kwa wiki kitapimwa, kwa sababu ada isiyojua uzito wa taka hukosea juu au chini. Ya tatu ni vituo vya kupokelea katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mlandizi, Kibaha na Kisarawe, pamoja na kituo kimoja cha kuchambua mabaki kilicho nje ya mita 60 za mto na nje ya mkondo wa mafuriko. Ya nne ni ada kuanza kutozwa, ikifuatiwa na taarifa ya kila mwaka inayosema kiasi kilichouzwa, kilichorudi na kilikokwenda. Ya tano ni kulinganisha ada na Kenya na Uganda. Mpango ukifika hapo, orodha ya bidhaa inaweza kupanuliwa kwa gundi, dawa za mbao na kemikali nyingine za ujenzi, zinazopita katika mikono ileile ya fundi na duka lilelile.